Bustani ya maua Tanga: panda kwa mvua na upepo, achana na miezi ya kwenye pakiti

Haupiti mwezi bila mtu kunipigia simu akiwa na pakiti ya mbegu mkononi. Pakiti imetoka Ulaya, kaletewa na ndugu yake, na nyuma imeandikwa panda Aprili hadi Mei. Naye kapanda Aprili, hapa hapa Tanga, masika yamepamba moto. Wiki ya pili hakuna mche hata mmoja; mbegu zimesombwa na maji na huenda zinaotea kwa jirani. Ananiuliza kama kauziwa mbegu mbovu.

Mbegu hazina kosa. Aprili ya kwenye pakiti ni ya mtu ambaye baridi kali ndiyo kwanza imemwondokea bustanini. Pakiti ya Australia au Afrika Kusini ingemwambia Septemba, maana kule majira yamegeuka. Tulipu zinazojaa Keukenhof, Uholanzi, mwezi Aprili, ndizo zile zile zinazojaa kwenye tamasha la Floriade kule Canberra, Australia, mwezi Septemba. Mkrismasi wetu, ule mti wa maua mekundu wenye asili ya Madagaska, huku unawaka Novemba na Desemba, na huko Florida, Marekani, unawaka Mei na Juni.

Sisi tuko digrii 5 tu kusini mwa ikweta. Siku yetu ndefu kuliko zote, ya Desemba, inaizidi ile fupi ya Juni kwa nusu saa na dakika chache. Hapa mmea hausikii baridi ya kuuamsha, na urefu wa siku haubadiliki kiasi cha kuushtua. Unachosikia ni mvua na upepo. Basi na wewe panda kwa hesabu hiyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujashika jembe

- Udongo mwekundu au wa shambani, madebe mawili kwa kuanzia.
- Samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza kabisa. Ukiishika haina joto, na hainuki.
- Mchanga wa mtoni. Wa pwani usiuguse, hata kama unakaa hatua kumi kutoka ufukwe wa Raskazone.
- Usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi.
- Viriba vya miche, au makopo ya zamani uliyotoboa chini.
- Makuti mawili matatu ya kivuli.
- Mkasi wa kupogolea au kisu kikali. Panga hapana.
- Keni ya kumwagilia yenye matundu madogo. Kama huna, toboa chupa ya maji kifunikoni kwa msumari wa moto.
- Daftari. Watu huliona la mchezo, lakini utakuja kuliona lina thamani kuliko mbolea.

Hatua ya 1: Tengeneza kalenda ya kiwanja chako

Fungua daftari uandike majira manne, halafu chini ya kila moja uandike unachokiona nyumbani kwako.

Kaskazi, Desemba mpaka Machi mwanzoni. Upepo unatoka kaskazini mashariki, jua kali, Februari mchana joto hupita nyuzi 30 bila shida. Huu si wakati wa kupanda chochote kichanga. Ni wakati wa kufurahia vinavyopenda ukame: bogainvilia, mfrangipani, waridi la jangwani.

Masika, katikati ya Machi mpaka Mei. Maji mengi. Huu ni wakati wa vipandikizi, vichaka na miti.

Kipupwe, Juni mpaka Agosti, kusi ikivuma. Usiku panapoa, mvua ni za rasharasha, na udongo bado una unyevu wa masika. Kwa maua ya mbegu, huu ndio wakati wa dhahabu hapa Tanga, na ndio wakati ambao wengi wameweka jembe chini wakidhani msimu umekwisha.

Vuli, Oktoba mpaka Desemba mwanzoni. Mvua fupi, na isiyo na ahadi. Mwaka mmoja inajaza mapipa, mwaka mwingine inapita Muheza na kutuacha tunaitazama. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli na wa masika kabla msimu haujaanza. Usikilize, kisha uusaidie na ndoo zako.

Andika tarehe ya mvua ya kwanza ya kweli, ile inayolowesha udongo kina cha kidole. Mwaka wa pili utakuwa na kalenda ambayo hakuna pakiti inayoweza kukupa.

Sasa tafsiri pakiti. Ikisema "panda baada ya baridi kuisha", wewe soma "panda mwisho wa Mei au Juni". Ikisema "panda joto likikolea", soma "mwanzo wa vuli". Ikisema "panda kabla ya baridi", ujue hilo ni la vitunguu vya maua vinavyohitaji baridi. Rudisha pakiti dukani.

Hatua ya 2: Kubali nini kitaota na nini hakitaota

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotelea.

Tulipu zinataka wiki 12 hivi au zaidi za baridi ya chini ya nyuzi 10 ndipo shina lirefuke na ua lichomoze sawasawa. Shemeji yangu aliniletea vitunguu ishirini kutoka Uholanzi. Nikaviweka kwenye friji miezi mitatu, nyuma ya bakuli la samaki, mke wangu akininung'unikia kila siku. Vilipotoka vikatoa majani, kisha maua sita, mafupi kama vidole. Asubuhi yalikuwa yamefumba, saa saba mchana yakafunguka mpaka yakawa bapa kama sahani, keshokutwa petali ziko chini. Waja leo waondoka leo, kama tunavyosema hapa Tanga. Sikurudia.

Kuna na maua yanayosubiri siku ndefu, yale ya Ulaya ambako jua la kiangazi linakaa saa 15 au 16. Rudibekia ni mfano mzuri. Hapa itakaa majani tu, nene na nzuri, ikingojea siku ambayo haiji. Kinyume chake, kosmosi na zinia hupenda siku zisizo ndefu, kwa hiyo kwetu hutoa maua mapema zikiwa bado fupi. Pakiti ikikuahidi kosmosi ya kimo cha mtu, tegemea ya magotini au kiunoni. Haijadumaa, ndivyo ilivyo huku.

Kundi la tatu la kuliogopa ni miche ya milimani. Lushoto iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Haidranjea iliyoshamiri kwenye kitalu cha kule ukiiteremsha mpaka Chumbageni, hapa mjini, inakufa polepole huku ikikupa matumaini. Kama unaipenda sana, nenda ukaitembelee kwao.

Vya kuanzia navyo, kwa maoni yangu: zinia, kosmosi, tajetesi, ua la jogoo (selosia), vinka na potulaka kwa mbegu, bogainvilia, haibiskasi, krotoni na mwasumini kwa vipandikizi. Ukishindwa na vinka, rudi unipigie simu nikupe pole.

Hatua ya 3: Andaa udongo

1. Loweka usumba kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, siku mbili au tatu, ukibadilisha maji kila siku. Usisahau hili. Makumbi mengi ya hapa hufukiwa kwenye tope la pwani ili nyuzi zilainike kwa ajili ya kamba, kwa hiyo yamekunywa chumvi. Onja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi: yakiwa bado na chumvi, rudia.
2. Changanya udongo madebe mawili, samadi debe moja, mchanga wa mtoni debe moja, na usumba nusu debe.
3. Finyanga mkononi. Bonge likikaa na kuvunjika ukiligusa kwa kidole, uko sawa. Likikataa kuvunjika, ongeza mchanga. Likikataa kukaa kabisa, ongeza samadi.
4. Wenye viwanja vya mchanga na mawe ya matumbawe karibu na bahari, inueni matuta ya kimo cha shubiri moja na mjaze mchanganyiko huu. Kuchimba shimo na kulijaza samadi hakusaidii sana, mchanga unaimeza yote.

Hatua ya 4: Sia mbegu

1. Mwisho wa Mei au Juni kwa mazao ya kipupwe. Mwanzo wa Oktoba kwa vuli. Usisie katikati ya masika. Kama huwezi kuvumilia, sia kwenye kopo lililo chini ya paa.
2. Lowesha udongo kwanza, kisha sia. Ukisia halafu ukamwagilia, maji yanakusanya mbegu zote kona moja.
3. Zinia na tajetesi zifukie nusu sentimita. Potulaka na petunia ni vumbi tu, usizifukie kabisa, zinataka mwanga ili ziote. Changanya mbegu za potulaka na kijiko cha mchanga mkavu, nyunyiza kama chumvi, bonyeza kwa kiganja.
4. Funika kwa makuti yaliyoinuliwa juu ya vijiti, yapitishe mwanga wa madoadoa.
5. Zinia ikianza kuchomoza, siku ya nne mpaka ya saba, anza kupunguza makuti. Ukichelewa miche inarefuka, inapauka na kuanguka.
6. Hamisha jioni, miche ikiwa na majani manne halisi. Acha nafasi ya sentimita 25 hadi 30. Najua inaonekana kama umeacha uwanja wa mpira. Acha.
7. Zinia na kosmosi zikifika shubiri, kata ncha. Moyo utakuuma, lakini kila ncha moja iliyokatwa huleta matawi mawili au zaidi.

Kutoka mbegu mpaka ua la kwanza, zinia huchukua miezi miwili hivi. Kwa hiyo ukitaka maua kwa ajili ya harusi ya Septemba, usianze kuniuliza Agosti.

Hatua ya 5: Vipandikizi, masika yanapoanza

1. Kata tawi lenye unene wa penseli, lisilo changa la kijani kibichi wala kuukuu la mbao. Urefu sentimita 15 hadi 20, vifundo vitatu au vinne.
2. Chini kata mshazari, juu kata bapa. Hivyo hutasahau upande wa kuingia ardhini. Wapo waliopanda kichwa chini, na mmoja wao ninamfahamu sana, ninamwona kwenye kioo kila asubuhi.
3. Toa majani yote isipokuwa mawili ya juu. Yakiwa makubwa, yakate nusu.
4. Zamisha vifundo viwili kwenye kiriba, kandamiza, weka kivulini.
5. Usivute kuangalia mizizi. Ngoja wiki nne hadi nane. Majani mapya peke yake si ushahidi, kipandikizi hutoa majani kwa akiba yake. Angalia matundu ya chini ya kiriba.

Mfrangipani na waridi la jangwani zina utomvu. Hizo zikate, kisha ziache kivulini wiki nzima jeraha likauke ndipo upande. Ukizipanda mbichi kwenye udongo wa masika zinaoza. Nawa mikono baada ya kuzishika. Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu, na bibi mwenye wajukuu wadogo asiipande karibu na mlango.

Mwasumini una hesabu yake. Hutoa vikonyo kwenye matawi mapya, kwa hiyo ukiuacha bila kupogoa unakuwa msitu wenye maua ya kuhesabu. Maua yakipungua, kata theluthi ya kila tawi, weka samadi, mwagilia, subiri. Baada ya wiki kadhaa unajaa vichwa vyeupe. Bibi yangu alikuwa akichuma alasiri, jua likiwa limelegea, vikonyo bado vimefumba na vigumu kama punje za mchele ulioloweka. Alivitia kwenye kitambaa chenye unyevu, na baada ya magharibi, vilipoanza kufunguka, akavifunga na rehani na kipande cha mkadi kuwa kikuba, kile kishada cha kunukia wanachovaa wanawake. Ukichuma asubuhi unachuma maua ya jana. Harufu imekwisha kwenda.

Hatua ya 6: Viazi vya maua

Kwenye vichaka vya huku kwetu kuna gloriosa, yule mtambaazi wa maua mekundu na manjano kama ndimi za moto. Anaamka na mvua, anachanua, anakauka mpaka juu ya ardhi pasionekane kitu. Watu wakaona kakauka, wakachimba na kupanda kingine. Hajafa, kalala. Weka kijiti cha alama na uache kumwagilia mpaka mvua nyingine. Kaladi, zile zenye majani mapana ya waridi na meupe, nazo ni hivyo hivyo.

Onyo la kweli: kiazi cha gloriosa kina sumu kali na kinafanana na viazi vinavyoliwa. Usikihifadhi jikoni, wala kwenye kikapu kimoja na viazi vikuu.

Hatua ya 7: Majani

Wenzetu wa Kanada na Japani husafiri kwenda kutazama majani yanayogeuka mekundu siku zikifupika na baridi ikiingia. Sisi tuna mkungu. Utazame wakati wa kiangazi: majani mapana yanageuka shaba, kisha mekundu ya damu, yanaanguka, na wiki chache baadaye mti umevaa kijani kipya. Watu hufagia hayo majani kila asubuhi na kuyachoma. Mimi huyakusanya niyafanye matandazo.

Kwa rangi ya mwaka mzima, panda krotoni. Rangi yake ni jua. Ukiiweka kwenye kibaraza chenye giza inarudi kijani, watu wanasema "imebadilika mbegu". Itoe nje polepole, saa mbili za jua la asubuhi wiki ya kwanza, kisha ongeza. Ukiitoa ghafla mwezi Februari inaungua.

Na kama unataka kitu chenye historia, tafuta saintipolia. Ua hili linalokaa madirishani Ulaya na Marekani lilitoka kwetu: mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao kutoka Usambara mwaka 1892, na likapewa jina lake. Kichekesho ni kwamba hapa mjini ni gumu kulitunza kuliko huko Berlin, maana kwao ni kwenye miamba yenye kivuli na ubaridi wa msitu. Liweke upande usiopigwa na jua la mchana kabisa, na maji mwagia udongo, usimwagie majani.

Hatua ya 8: Jua wakati wa kunyima maji

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wote. Bogainvilia yenye kijani cha kupendeza na isiyo na ua hata moja imeshiba. Acha kuimwagilia mpaka majani yaanze kulegea, kisha mpe maji kidogo, rudia. Acha pia samadi. Ndani ya wiki chache ncha zinaanza kupaka rangi. (Ile rangi unayoiita ua ni majani yaliyogeuka, ua lenyewe ni kile kitu kidogo cheupe katikati.) Bogainvilia ya kwenye mtaro wa barabarani ambayo hakuna anayeitunza huwa na maua kuliko ya kwenye hoteli, na sasa unajua kwa nini.

Mambo yakienda mrama

*Miche inaanguka ikiwa imesinyaa shingoni.* Huo ni kinyausi, ukungu wa udongo. Maji mengi, miche imebanana, hewa hakuna. Iliyoanguka haiponi. Toa, punguza maji, mara nyingine mwaga maji yanayochemka juu ya udongo na uuache upoe kabla ya kusia.

*Kingo za majani zimeungua kahawia, upande mmoja wa mmea zaidi.* Chumvi ya upepo wa bahari. Suuza majani kwa maji baridi jioni baada ya siku ya upepo mkali, na mbele panda vinavyostahimili: potulaka, vinka, bogainvilia. Ikiwa mmea mzima umeungua na juu ya chungu kuna ukoko mweupe, basi chumvi iko kwenye maji ya kisima chako. Kinga maji ya mvua.

*Unga mweupe juu ya majani ya zinia.* Ubwiri unga, hupenda kipupwe na miche iliyobanana. Uliambiwa uache sentimita 25 hadi 30. Toa majani ya chini, mwagilia asubuhi na chini.

*Majani yamejikunja, chini kuna vijidudu vya kijani, na sisimizi wanapanda na kushuka.* Vidukari. Sisimizi wanafuata utamu wao. Maji ya sabuni ya kipande, kidogo tu yatoe povu jepesi, nyunyiza chini ya majani jioni, rudia baada ya siku nne. Maji ya majani ya mwarobaini yaliyolowekwa usiku kucha nayo husaidia.

*Poinsetia haigeuki nyekundu.* Angalia taa ya ulinzi. Mmea huu unataka usiku mrefu wenye giza lisilokatizwa. Ukiwa chini ya taa inayowaka mpaka alfajiri hauoni usiku. Hamisha chungu nyuma ya nyumba.

*Kila kitu kimeliwa mpaka shina, na kuna kinyesi kama punje za kunde.* Mbuzi wa mtaani. Hakuna dawa ya kunyunyiza. Panda bogainvilia yenye miiba kwenye mpaka mwanzo wa masika, na mpaka ifike kiunoni, funga geti.